Kutoka Guru hadi Getembe: Ustawi wa Mtu Asiyeulizwa

Tarehe 31 Machi 1904, karibu na kijiji cha Guru katika nyanda za juu za Tibeti, msafara wa Kiingereza ulioongozwa na Kanali Francis Younghusband ulikuta njia imezibwa kwa ukuta wa mawe. Nyuma ya ukuta walisimama Watibeti wenye panga na magobole. Walipoanza kunyang'anywa silaha, risasi moja ililia, na bunduki za Maxim zikafuata. Mamia walikufa kwa muda mfupi. Walionusurika hawakutimua mbio. Waligeuka wakaondoka kwa mwendo wa kawaida, vichwa vimeinama, huku wakiendelea kupigwa risasi migongoni.

Mwaka uliofuata bunduki ya aina hiyohiyo ililetwa katika vilima vya Gusii, mashariki mwa Ziwa Viktoria. Waingereza walisema wanakuja kuwaadhibu Abagusii kwa kuwaibia majirani ng'ombe. Kikosi cha KAR, jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki, pamoja na polisi kilijipanga mraba, na vijana wa Kigusii wakakivamia kwa mikuki na ngao. Ofisa mmoja aliyekuwapo, Robert Foran, aliandika miaka mingi baadaye kwamba bunduki ile ilifyatua mfululizo hata ikawa haishikiki kwa moto, na kwamba wenye mikuki waliokufa na kujeruhiwa walirundikana kwa mamia mbele ya mraba wa askari.

Watibeti na Abagusii hawakujuana. Lakini dola iliyowapiga ilikuwa moja, na kauli waliyoambiwa baada ya kupigwa ilikuwa moja pia: tumekuja na amani, barabara na biashara, na mtakuja kutushukuru. Younghusband alifika Lhasa Agosti 1904, akaandikisha mkataba, akarudi India. Tibeti haikutawaliwa na Mwingereza. Zamu yake ilifika 1950, kutoka upande mwingine wa mpaka. Gusii, kwa upande wake, ilibaki na mtawala wake, na historia yake tangu hapo inatoa jibu zuri kuliko mengi kwa hoja ambayo Beijing huirudia kila Tibeti inapotajwa, kwamba watu wakishapata hospitali na reli hawana sababu ya kudai uhuru.

Ofisa wa kwanza wa Kizungu kukaa Getembe, mahali panapoitwa leo Kisii mjini, alikuwa kijana Geoffry Northcote. Wenyeji walimwita Nyarigoti. Alikuja na kodi ya kibanda, na kodi ilimaanisha kwamba mtu aliyekuwa akiishi kwa wimbi na maziwa yake sasa alilazimika kutafuta rupia, ama kwa kuuza ng'ombe ama kwa kwenda kufanya kazi kwa mgeni. Hakuna mzee wa koo za Kitutu wala Bogirango aliyeitwa barazani kuulizwa kama anaikubali.

Masimulizi ya Abagusii yanasema kwamba mganga na mtabiri Moraa Ng'iti, mwanamke aliyeheshimiwa na kuogopwa, ndiye aliyewasimanga vijana wa Kitutu. Aliwauliza wamekuwa wanaume wa namna gani, wageni wanapochukua ng'ombe nao wanatazama tu. Aliyeona haya kupita wengine ni Otenyo Nyamaterere, kijana ambaye Moraa alikuwa kama mama kwake. Januari 1908 Otenyo alimvizia Northcote njiani akamchoma mkuki.

Northcote hakufa. Waliokufa ni Abagusii. Nyumba zilichomwa, ng'ombe, mbuzi na kondoo wakaswagwa kwa maelfu, na watu zaidi ya mia wakauawa katika wiki chache. Ripoti zilipofika London zilimshtua hata Winston Churchill, aliyekuwa naibu waziri wa makoloni na ambaye alikuwa ametoka kuzuru Afrika Mashariki miezi michache tu kabla. Aliandika kwamba hapendi sauti ya ripoti zile, kwamba jambo lile linafanana na uchinjaji, na kwamba Bunge likilipata, mipango yote ya Uingereza katika himaya yake ya Afrika Mashariki itaingia doa. Aliona unyama, ni kweli. Lakini katika sentensi zilezile alihesabu pia hasara ya kisiasa. Mtawala aliye mbali huwa na mizani ya namna hiyo, na damu ya mtawaliwa hupimwa pamoja na usumbufu utakaompata mtawala ikijulikana.

Otenyo alikamatwa akauawa. Abagusii wengi wanaamini kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Uingereza, na madai ya kukirudisha yamesikika Kisii kwa miaka mingi. Northcote alipanda cheo baada ya cheo katika makoloni, na mnamo Oktoba 1937 akaapishwa kuwa gavana wa Hong Kong.

Inafaa kulitazama jambo hili kwa makini. Mtu yule aliyechomwa mkuki baada ya kutoza kodi bila kuuliza, ndiye aliyepelekwa kutawala bandari ya Wachina iliyochukuliwa na Uingereza katika vita vilivyomalizika mwaka 1842. Alifika wakati Japani imeishambulia China na wakimbizi wanamiminika Hong Kong. Hakuwa gavana mbaya kwa vipimo vya wakati wake. Chuo cha ualimu kilichoanzishwa huko 1939 kilikuja kubeba jina lake. Hong Kong ilikuwa na biashara, taa za umeme na mahakama. Haikuwa na gavana aliyechaguliwa na wakazi wake, wakati huo wala baadaye. Wazalendo wa China waliiita hali hiyo aibu ya taifa, nao walikuwa na haki. Hawakukubali hata siku moja kwamba ustawi wa bandari ile ulihalalisha bendera ya Mwingereza juu yake.

Miaka 13 baada ya Northcote kuapishwa, Oktoba 1950, jeshi la Mao Zedong liliingia Chamdo, mashariki mwa Tibeti. Mei 1951 wajumbe wa Tibeti walitia saini Beijing mkataba wa vipengele 17, ulioahidi kwamba mfumo wa utawala wa Tibeti na nafasi ya Dalai Lama havitaguswa. Machi 1959 watu wa Lhasa waliasi, uasi ukazimwa kwa mizinga, na Dalai Lama akakimbilia India. Tangu 1960 anaishi Dharamsala. Chama cha Mao, kilichoita utawala kama wa Northcote aibu, kilianza kuwaambia Watibeti maneno yaleyale ya akina Northcote.

Serikali ya China ina hoja zake, na si haki kuzipita kimya. Tibeti ya zamani haikuwa pepo. Ardhi ilikuwa mikononi mwa nyumba za watawa, makabaila na serikali, na wakulima wengi walifungwa kwenye ardhi hiyo kwa wajibu wa kurithi. China husema umri wa kuishi umepanda kutoka miaka 35 hivi hadi zaidi ya 70. Reli ya kutoka Golmud hadi Lhasa, kilomita 1,142, ilifunguliwa 2006 juu ya ardhi iliyoganda barafu, na ni kazi ya uhandisi inayostahili heshima.

Abagusii nao hawakuwa na pepo. Walipigana na Wakipsigi, walichukuliana ng'ombe na Wajaluo, koo zao zilikuwa na visasi vyake. Mwingereza alivisitisha vita hivyo. Wamisionari Wakatoliki walifungua Nyabururu mwaka 1911, Waadventista wakafuata Nyanchwa mwaka uliofuata, na watoto wakaanza kusoma. Pamoja na hayo, mwaka 1914 watu walitoa hukumu yao kwa vitendo. Septemba mwaka huo Wajerumani kutoka upande uliokuja kuitwa Tanganyika waliingia Kisii, Waingereza wakaondoka mjini kwa muda, na mara wananchi wakavamia ofisi, maduka na hata misheni. Wakati huohuo dini ya Mumbo, iliyoanzishwa Alego mwaka 1913 na Onyango Dunde, aliyesema amemezwa na kutapikwa na nyoka mkubwa wa ziwani, ilikuwa imepanda vilima vya Gusii. Mumbo alisema Wazungu wataondoka wote na waumini wake watakula bila kulima. Wakubwa walicheka. Lakini hawakucheka sana, kwa sababu mwaka 1921 baadhi ya viongozi wa Mumbo walihamishiwa Lamu, pwani kabisa, mbali na kwao.

Kisha likaja jaribio la kuwanunua watu kwa mali, na huku ndiko hoja ya ustawi inakopimika vizuri. Kwa miaka mingi Mwafrika wa Kenya hakuruhusiwa kupanda kahawa ya arabika, kwani ilikuwa zao la walowezi. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 serikali ililegeza kamba kidogo, na Kisii ikawa miongoni mwa sehemu za kwanza kuruhusiwa, pamoja na Meru na Embu. Ungetegemea watu washangilie. Wengi walisita. Walihofia kwamba shamba likishamea kahawa, Mzungu atalitamani na kulitwaa. Mtu asiye na kauli juu ya ardhi yake huiogopa hata neema ikija mlangoni. Walioanza ni wale waliokuwa karibu na serikali, akiwamo chifu Musa Nyandusi wa Nyaribari. Baadaye wengine walipanda, kahawa ikalipa karo na kuezeka nyumba kwa mabati, na pareto ikafuata katika sehemu za juu zenye baridi. Hayo yalikuwa maendeleo ya kweli. Hayakuwafanya Abagusii wapendelee kuendelea kutawaliwa, na uhuru ulipokuja mwaka 1963 hakuna aliyelia Getembe.

Mgogoro wenyewe haukuisha na bendera mpya. Uliingia ndani ya nyumba ya Abagusii, na unaweza kuusoma katika maisha ya watu wawili.

Wa kwanza ni Simeon Nyachae, mwana wa chifu Nyandusi, aliyezaliwa 1932. Alipanda ngazi za utawala hadi kuwa mkuu wa mkoa, kisha Katibu Mkuu wa serikali na kiongozi wa utumishi wa umma katika miaka ya 1980. Jina lake linahusishwa sana na mpango wa mwaka 1983 wa kuifanya wilaya kuwa kitovu cha maendeleo ya vijijini. Alikuwa mfanyabiashara tajiri na mpanga kazi hodari. Kwake yeye, serikali ilikuwa kitu cha kutenda: barabara ijengwe, mkulima alipwe, hesabu zikae sawa.

Wa pili ni George Anyona, aliyechaguliwa mbunge wa Kitutu Mashariki mwaka 1974. Yeye aliuliza maswali. Mwaka 1977 alilikoroga Bungeni kuhusu zabuni ya mabehewa ya reli, akakamatwa na kuwekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani, akatoka Desemba 1978. Mwaka 1982 yeye na Jaramogi Oginga Odinga walitaka kuanzisha chama cha pili. Serikali ilimtia Anyona kizuizini tena, na Juni mwaka huo Bunge likabadili katiba, Kanu ikawa chama pekee kisheria. Alikamatwa mara ya tatu Julai 1990, na mwaka uliofuata yeye na wenzake watatu, Edward Oyugi, Ngotho Kariuki na Njeru Kathangu, wakahukumiwa miaka 7 kwa uchochezi.

Zama hizo Rais Daniel arap Moi alikuwa na msemo uliojulikana na kila mtoto wa shule, siasa mbaya maisha mabaya. Maana yake ilieleweka: anayeuliza maswali anawaharibia watu wa kwao maendeleo. Wilaya yenye mbunge mkorofi ingekosa lami na maji. Wananchi wengi waliukubali msemo huo kwa sababu ulikuwa na ukweli wa kutisha, adhabu ilikuwa inatolewa kweli. Msemo wa Beijing kwa Watibeti hauna tofauti kubwa na huo. Lhasa ina taa na barabara pana. Kuwa na picha ya Dalai Lama ukutani ni kosa. Jimbo linaitwa la kujitawala tangu 1965, lakini katibu wa chama, ambaye ndiye mwenye kauli ya mwisho, hajawahi kuwa Mtibeti hata mmoja. Hu Jintao ndiye aliyekuwa na cheo hicho mwaka 1989, sheria ya kijeshi ilipotangazwa Lhasa, na baadaye akawa rais wa China.

Kilichompata Nyachae ndicho kinachoivunja hoja ya ustawi. Mwaka 1988, akiwa amestaafu na ana mali, sifa na uzoefu wa kila aina, alitaka kugombea ubunge. Alizuiwa. Ulikuwa mwaka wa mlolongo, watu wanapanga foleni nyuma ya picha ya mgombea mchana kweupe, na mwenye foleni fupi anaweza kutangazwa mshindi. Mtu aliyeijenga serikali ile kwa mikono yake hakuweza kuitaka ruhusa ya wapiga kura wa kwao. Utajiri wake haukumpa kinga yoyote, kwa kuwa mlango wa siasa ulikuwa na bawabu mmoja. Aliingia Bungeni tu baada ya vyama vingi kurudi, kwenye uchaguzi wa Desemba 1992, uchaguzi uleule uliomrudisha Anyona, aliyekuwa ameshaachiwa. Mwaka 1999, akiwa Waziri wa Fedha aliyesema wazi kwamba uchumi unaumwa, alihamishwa wizara, akajiuzulu. Anyona alikufa katika ajali ya gari mwaka 2003, Nyachae akafariki Februari 2021. Mmoja aliamini mkate kwanza, mwingine sauti kwanza, na wote wawili walikuja kuhitaji kitu kilekile: kura ambayo mkubwa hawezi kuifuta.

Yote haya yana sura yake Tabaka, kusini magharibi mwa Kisii mjini, katika Mugirango Kusini. Jiwe la sabuni la Tabaka halikuletwa na gavana wala na rais. Liko chini ya mashamba ya wenyeji, jeupe, la waridi, la kijivu, na linachimbwa kwa sururu na mtaimbo katika mashimo yanayoingia ndani ya kilima. Likiwa bichi ni laini, panga hulipunguza na kisu hulipa umbo: kiboko, bakuli, mama na mtoto. Wanaume huchimba na kuchonga. Wanawake hukaa na beseni la maji, wakisugua kwa msasa hata mikwaruzo iishe, kisha jiwe huanikwa na kung'arishwa kwa nta. Vumbi ni jingi, mashimo huporomoka, na bei hupangwa mbali, kwa dalali wa Nairobi au mnunuzi wa ng'ambo. Kutoka hapa alitoka Elkana Ong'esa, ambaye sanamu yake ya ndege wa amani imesimama katika makao makuu ya UNESCO, Paris.

Tabaka ina uhuru. Ina pia barabara iliyochelewa, maji ya kusumbukia, na vijana waliosoma wanaorudi shimoni kwa kukosa ajira. Mtu anaweza kuuliza uhuru huo umewafaa nini. Ni swali la haki na lisidharauliwe, kwani mama anayesugua jiwe kwa malipo kidogo ya kila kipande hawezi kulisha watoto katiba. Kuna Wakenya waliolichoka swali hilo na kusema heri tungepata wakubwa kama wa Beijing, wanaojenga reli kwa miaka michache bila kelele za Bunge.

Lakini Kenya imeshaonja reli ya namna hiyo. Reli ya SGR ya Mombasa hadi Nairobi, iliyofunguliwa Mei 2017, iligharimu shilingi bilioni 327 hivi, sehemu kubwa mkopo wa Benki ya Exim ya China, na mikataba yake ilifichwa kwa miaka hata wananchi na wanaharakati walipoidai mahakamani. Sehemu yake ilitolewa hadharani Novemba 2022 tu. Anyona angeuliza maswali yake ya mwaka 1977 neno kwa neno. Mzigo wa madeni ndio uliozaa mswada wa fedha wa 2024, na Juni mwaka huo vijana waliingia barabarani kote nchini, Kisii mjini ikiwamo. Watu wapatao 60 waliuawa katika maandamano yale. Rais William Ruto aliuondoa mswada huo. Haukuwa ushindi wa bei rahisi. Hata hivyo ulikuwa jambo ambalo Lhasa ya mwaka 2008, ilipoandamana, haikulipata: huko jibu lilikuwa askari, kesi na vifungo, na tangu 2009 Watibeti zaidi ya 150 wamejichoma moto wenyewe, wengi wao wakitaka Dalai Lama arudi. Watu hawajichomi moto kwa sababu reli haikufika. Ilikuwa imefika Lhasa karibu miaka mitatu kabla ya wa kwanza wao.

Katika hili msimamo wa mwandishi hauna kigugumizi. Reli ya Lhasa ni nzuri, na utawala uliojengwa bila kumuuliza Mtibeti ni dhuluma. Kahawa ya Kisii ilikuwa nzuri, na mauaji ya 1905 na 1908 yalikuwa dhuluma. Faida iliyokuja baadaye hailipi deni la kwanza, maana waliolipa na waliofaidi si watu walewale, na hakuna aliyewapa waliokufa nafasi ya kukubali biashara hiyo. Uingereza yenyewe ilikiri jambo la namna hii mwaka 2013 ilipokubali kuwalipa Wakenya 5,228 walioteswa wakati wa vita vya Mau Mau jumla ya pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwamo. Haikuwaambia kwamba barabara na shule zimeshafidia mateso yao.

Ombi la Dalai Lama si kubwa. Kwa miongo kadhaa amesema hadai Tibeti ijitenge, anataka ijitawale kweli ndani ya China. Mwaka 2011 aliacha madaraka yote ya kisiasa na kuyaachia viongozi waliochaguliwa na Watibeti walio uhamishoni. Mazungumzo kati ya wajumbe wake na Beijing yalikatika 2010. Mwaka uleule wa 2011 serikali ya Afrika Kusini haikumpa viza ya kuhudhuria miaka 80 ya Askofu Desmond Tutu, wengi wakiamini ni kwa kuihofia China, na Tutu aliikemea kwamba imekuwa mbaya kuliko serikali ya ubaguzi wa rangi iliyotangulia.

Kenya inafanya biashara na China na itaendelea kufanya. Haihitaji kuvunja uhusiano huo ili kusema Geneva na Umoja wa Mataifa kwamba mazungumzo ya Tibeti yarudi mezani, na kwamba Watibeti waulizwe wanautakaje utawala wao. Wabunge wa Kisii na Nyamira, wanaoomba kura kwa jina la Otenyo na Moraa kila baada ya miaka mitano, wana sababu kuliko wengine ya kulileta jambo hili Bungeni, na wapiga kura wa Tabaka wana haki ya kuwauliza kabla ya Agosti 2027 kwa nini hawajalileta.